Barua ya wazi kwa wakuu wa huduma za saratani: mionzi na kemo zianze pamoja

Kwa:
Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya afya,
Mkurugenzi Mkuu wa hospitali ya rufaa ya saratani,
Wakuu wa idara ya mionzi na idara ya kemo.

YAH: KUTENGANISHWA NA KUCHELEWESHWA KWA MIONZI NA KEMO KWA WAGONJWA WA SARATANI YA MAPAFU

Waheshimiwa,

Nawaandikia hadharani kwa sababu nimeshabisha milango yote ya ndani na haikufunguka. Barua yangu ya kwanza ilipokelewa masjala ikagongwa muhuri. Nilionana na mkuu wa idara moja, akanielekeza idara ya pili; idara ya pili ikanirudisha ya kwanza. Nilijaza fomu ya malalamiko. Jibu pekee nililolipata ni kwamba suala langu linafanyiwa kazi. Huku likifanyiwa kazi, watu niliokaa nao benchi moja, ninaowajua kwa majina na kwa sauti za vikohozi vyao, wameendelea kungoja na ugonjwa ambao wenyewe haungoji.

Mimi ni dada wa mgonjwa. Kaka yangu aligundulika na saratani ya mapafu ya hatua ya tatu. Uvimbe ulikuwa umefika kwenye tezi za katikati ya kifua, hivyo haukuweza kutolewa kwa upasuaji, lakini ulikuwa bado haujatoka nje ya kifua. Jopo la madaktari lilikaa na kuandika uamuzi ulio wazi kwenye faili lake: mionzi na kemo (dawa za kuua seli za saratani) kwa wakati mmoja, kwa lengo la kuponya. Karatasi hiyo nimeisoma kwa macho yangu. Alichokipata ni kemo peke yake, kisha kimya, kisha mionzi iliyoanza miezi kadhaa baadaye na kukatika katikati mashine ilipoharibika. Hakuna daktari aliyebadili uamuzi wa jopo. Uamuzi ulibadilishwa na foleni.

Jina la hospitali silitaji, na sina nia ya kumfukuzisha mtu kazi. Wauguzi wa wodi ya kemo na wataalamu wa mashine ya mionzi wamemhudumia kaka yangu kwa utu ambao sitausahau. Ninacholalamikia ni utaratibu, na utaratibu uko mikononi mwenu.

Kwa wananchi watakaoisoma barua hii, nieleze kwanza kinachozungumzwa. Saratani ya mapafu ina makundi makubwa mawili. Takriban wagonjwa 85 kati ya 100 wana ile isiyo ya seli ndogo. Waliobaki wana ile ya seli ndogo, ambayo hukua na kusambaa kwa kasi zaidi. Katika makundi yote mawili kuna wagonjwa ambao ugonjwa wao umevuka uwezo wa kisu lakini haujasambaa mwilini. Hao ndio wanaostahili mionzi na kemo kwa pamoja. Kwa saratani isiyo ya seli ndogo, mpango uliozoeleka ni dozi ya grei 60 (grei ni kipimo cha mionzi) iliyogawanywa mara 30, grei 2 kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki 6. Katika wiki hizohizo mgonjwa hupewa dawa ya jamii ya platinamu, yaani sisiplatini au kaboplatini, ikisindikizwa na dawa nyingine kama etoposidi au paklitakseli.

Kuzitoa kwa pamoja kuna sababu mbili. Mionzi huvunja nyuzi za chembe za urithi ndani ya seli ya saratani, na seli hiyo hujaribu kuziunga upya. Sisiplatini hushikamana na chembe hizohizo na kuzuia matengenezo, hivyo seli ambayo ingepona usiku kucha inakufa. Sababu ya pili ni kwamba mionzi hufika pale tu ilipolengwa, ilhali kemo huzunguka na damu na kuzisaka seli zilizokwisha kutoroka bila kuonekana kwenye skani. Ukitoa kemo leo na mionzi baada ya miezi mitatu, faida ya pili unaweza kubaki nayo kwa kiasi. Ya kwanza umeipoteza yote.

Baada ya maelezo hayo, malalamiko yangu ni haya.

1. Idara mbili zina kalenda mbili, na hakuna anayeshika zote.

Mgonjwa wa mapafu ana daftari lake kliniki ya kemo na jingine kliniki ya mionzi. Kemo inahitaji kiti, dripu, majibu ya damu na dawa iwepo, kwa hiyo nafasi hupatikana mapema. Mionzi ina safari ndefu zaidi: mgonjwa apigwe skani ya kupanga tiba, daktari achore mipaka ya uvimbe na ya viungo vya kulindwa, mwanafizikia akokotoe dozi, mpango uhakikiwe, ndipo apangiwe mashine. Kazi hiyo yote ingeweza kuanza siku jopo linapotoa uamuzi. Haianzi. Huanza mgonjwa anapojipeleka mwenyewe kuuliza, na wakati huo kemo imeshakwenda nusu au imekwisha. Muuguzi wa huku hana namna ya kujua ya kule, na wa kule anadhani huku wanajua.

Waheshimiwa, jambo hili halijaachwa kwenye dhana. Mwaka 1990 ulichapishwa utafiti wa Marekani ulioonyesha kwamba kemo ikifuatiwa na mionzi ni bora kuliko mionzi peke yake: nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya miezi 13.8, badala ya miezi 9.7. Yalikuwa maendeleo makubwa kwa wakati ule. Swali lililofuata lilikuwa iwapo kuzitoa kwa wakati mmoja ni bora zaidi. Wajapani walijibu mwaka 1999: waliopata kwa pamoja, nusu yao walivuka miezi 16.5, waliopata moja baada ya nyingine, nusu yao walivuka miezi 13.3. Kisha ukaja utafiti mwingine wa Marekani wenye wagonjwa 610, uliochapishwa mwaka 2011, na jibu likawa lilelile: miezi 17 dhidi ya 14.6. Mwaka 2010 wataalamu walikusanya takwimu za tafiti 6 zenye wagonjwa 1,205. Waliokuwa hai baada ya miaka 5 walikuwa asilimia 15.1 kwa waliotibiwa kwa pamoja, na asilimia 10.6 kwa waliotibiwa kwa zamu, yaani tiba moja baada ya nyingine.

Tofauti hiyo ya asilimia 4.5 inaweza kuonekana ndogo kwa anayeisoma kwenye jedwali. Kwa wagonjwa 1,000 ni watu 45 walio hai baada ya miaka mitano, na hawakuhitaji dawa mpya wala mashine mpya. Ni dawa zilezile, mashine ileile na madaktari walewale. Kilichobadilika ni tarehe. Ndiyo maana nakosa usingizi: nafasi hii ya kuishi inapotea ofisini, kati ya meza mbili, kabla haijafika hata kwenye mwili wa mgonjwa.

Wapo wagonjwa ambao kutenganisha ndiyo busara. Aliyedhoofika sana, mwenye mapafu yaliyokwisha kuchoka, au mwenye uvimbe mkubwa kiasi kwamba mionzi ingegusa sehemu kubwa mno ya pafu lisilo na ugonjwa, huenda ikamfaa kemo kwanza ili uvimbe upungue. Sipingi hata kidogo. Lakini uamuzi huo unapaswa kuandikwa na daktari, ukiwa na sababu na sahihi. Faili la kaka yangu halina sababu wala sahihi ya namna hiyo.

2. Mionzi inakatika katikati na siku zilizopotea hazifidiwi.

Mashine huharibika. Sikukuu huja. Umeme hukatika. Hayo yanaeleweka. Lisiloeleweka ni mgonjwa kuambiwa arudi nyumbani atapigiwa simu, na siku anapoitwa, anaendelea pale alipoishia utadhani hakuna kilichotokea. Seli za saratani zilizonusurika baada ya wiki chache za mionzi huanza kuzaliana kwa kasi kuliko mwanzo. Kila siku ya mapumziko yasiyopangwa ni siku wanayopewa seli hizo, na dozi ileile ikiisha kwa siku nyingi zaidi inakuwa na nguvu ndogo zaidi.

Uingereza, Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Radiolojia kimeandika mwongozo juu ya jambo hili hasa. Saratani ya mapafu inayotibiwa kwa lengo la kuponya imewekwa kundi la kwanza, lile ambalo muda wa tiba hautakiwi kurefuka kwa zaidi ya siku 2 juu ya uliopangwa. Njia za kufidia zimetajwa humo: kumhamishia mgonjwa mashine nyingine inayofanana, kutibu Jumamosi au Jumapili, au kutoa dozi mbili siku moja zikiachana kwa angalau saa 6. Zote zinahitaji mtu wa kuamua, na zaidi ya hapo zinahitaji orodha inayosema nani hawezi kungoja. Mashine ilipopona, niliona wagonjwa wakiitwa kwa kufuata nani alifika kwanza asubuhi ile. Mwenye uvimbe usio na haraka aliingia kabla ya mwenye mapafu.

Na mtu asidhani kwamba muda uliopotea unaweza kulipwa kwa kuongeza dozi mwishoni. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2015 ulilinganisha grei 60 na grei 74, zote zikiwa na kemo. Nusu ya waliopata grei 60 waliishi zaidi ya miezi 28.7, waliopata grei 74, miezi 20.3. Dozi kubwa iliwadhuru, na mionzi iliyofika kwenye moyo ilikuwa sehemu ya tatizo.

3. Wagonjwa wa seli ndogo wanawekwa foleni moja na wengine.

Kwa hawa sitarefusha. Saratani yao inapokuwa bado upande mmoja wa kifua, mionzi inatakiwa ianze mapema, na mzunguko wa kwanza au wa pili wa kemo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulitumia grei 45 kwa dozi mbili kila siku ndani ya wiki 3, ukalinganisha na grei 45 kwa dozi moja kila siku ndani ya wiki 5. Baada ya miaka 5, asilimia 26 ya kundi la kwanza walikuwa hai, na asilimia 16 ya kundi la pili. Dozi ni ileile kwa jumla. Kilichotofautiana ni kasi. Mgonjwa wa aina hii akimaliza kemo yote kabla hajaiona mashine, tumemchezea.

4. Wagonjwa hawaandaliwi kwa madhara, na matokeo yake wanaacha tiba.

Hapa naomba uvumilivu wenu, kwa sababu ndipo nilipoona mateso mengi yanayozuilika.

Kutibu kwa pamoja ni kugumu. Katika takwimu zile za tafiti 6, walioumia vibaya kwenye umio, yaani njia ya chakula, walikuwa asilimia 18, ilhali kwa waliotibiwa kwa zamu walikuwa asilimia 4. Umio upo katikati ya kifua, na mionzi inayolenga tezi za hapo haiwezi kuukwepa kabisa. Kuanzia wiki ya pili au ya tatu mgonjwa huanza kuhisi chakula kinakwama, kisha kinachoma, kisha hata mate kuyameza ni kazi. Maumivu hufikia kilele karibu na mwisho wa tiba, na kwa wengi hutulia wiki chache baada ya mionzi kuisha. Hicho kipande cha mwisho ndicho wasichoambiwa. Mtu anayejua kwamba maumivu yana mwisho huvumilia. Asiyejua huamini saratani imehamia kooni, akaacha kuja.

Kwenye benchi la mionzi nimekaa na mzee mmoja aliyekuwa akimeza maji kwa kufumba macho. Hakuwa amepewa dawa ya kutuliza maumivu zaidi ya vidonge vya kawaida vya kichwa. Hakuna aliyempima uzito. Aliyemshauri ale chakula laini, kilichopoa, kidogokidogo mara nyingi kwa siku, alikuwa mgonjwa mwenzake. Kumbe zipo dawa za maji za kutia ganzi kabla ya kula, ipo mofini kwa yanayozidi, na upo mrija wa kulishia kwa anayepungua uzito kwa kasi. Vitu hivi havihitaji teknolojia yoyote. Vinahitaji muuguzi mmoja wa kuwaona wagonjwa hawa kila wiki, kuwapima uzito na kuwauliza wanamezaje.

Yapo pia madhara ya damu. Kemo hushusha seli nyeupe, na homa kwa mgonjwa wa aina hii ni dharura ya kukimbilia hospitali saa hiyohiyo, hata iwe usiku wa manane. Sisiplatini huumiza figo na masikio, hivyo figo zipimwe kabla ya kila mzunguko na maji ya dripu yasipunguzwe ili kiti kiwahi kuachwa wazi. Na yapo ya mapafu yenyewe: mwezi 1 hadi 6 baada ya mionzi, pafu lililopigwa linaweza kuvimba na kuleta kikohozi kikavu, kukosa pumzi na homa ndogo. Mgonjwa huyo akienda kituo cha karibu bila karatasi inayoeleza alichotibiwa, atapewa antibayotiki au ataanzishiwa dawa za kifua kikuu, ilhali anachohitaji huenda ni prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe huo, kabla pafu halijaharibika. Karatasi moja ya kubeba mfukoni ingetosha.

5. Mgonjwa haambiwi mpango wake.

Kaka yangu hakujua kwamba jopo liliandika atibiwe kwa pamoja. Alikuja kujua kwa sababu niliomba faili nikalisoma kwenye korido. Angejua mapema, angeuliza mapema. Hili halihitaji maelezo zaidi.

6. Kuchelewa mwanzoni kunafunga mlango wa mwishoni.

Tangu mwaka 2017 kuna ushahidi kwamba mgonjwa wa hatua ya tatu wa saratani isiyo ya seli ndogo, ambaye ugonjwa wake haujaendelea baada ya mionzi na kemo za pamoja, anafaidika na tiba ya kinga ya mwili iitwayo durvalumabu. Baada ya miaka 5, asilimia 42.9 ya walioipata walikuwa hai, na asilimia 33.4 ya wasioipata. Hizo ni namba ambazo madaktari wa zamani wa saratani ya mapafu hawakuthubutu kuziota. Lakini walioingizwa kwenye utafiti ule ni waliopata angalau mizunguko 2 ya kemo ya platinamu sambamba na mionzi, na dawa ilianzishwa ndani ya siku 42 baada ya mionzi kuisha. Mwaka 2024 dawa hiyohiyo ilionyesha faida kwa wagonjwa wa seli ndogo waliotibiwa kwa pamoja. Najua dawa hii ni ghali na si kila mahali ipo. Hata hivyo, siku itakapofika, mgonjwa aliyetenganishiwa tiba yake na foleni atakuwa tayari yuko nje ya kundi ambalo ushahidi wote huo ulijengwa juu yake.

Sasa niseme kuhusu majibu ambayo nimekwisha kupewa mdomoni, ili tusirudi nyuma.

Nimeambiwa mashine ni chache. Ni kweli, na namsihi Mheshimiwa Waziri aongeze. Lakini uchache wa mashine ndiyo sababu hasa ya kupanga nani aingie lini. Kanuni ya aliyewahi kufika inafaa pale ambapo vitu vinatosha. Mgonjwa wa mionzi ya kupunguza maumivu ya mfupa anastahili huduma ya haraka naye, na mara nyingi dozi moja au chache humtosha. Zipo nafasi nyingi zinazoweza kuokolewa kwa kutompa nyingi kuliko anazohitaji.

Nimeambiwa wagonjwa wetu ni wazee na dhaifu, hawataweza. Umri peke yake si kipimo. Wajapani walichapisha mwaka 2012 utafiti wa wagonjwa waliozidi miaka 70. Waliopata mionzi pamoja na kaboplatini kidogo kila siku, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 22.4, waliopata mionzi tu, miezi 16.9. Mpimeni mzee nguvu zake, figo zake na pumzi zake, ndipo mseme hawezi. Na ikiwa sisiplatini ni nzito kwake, kaboplatini ipo.

Nimeambiwa dawa ni ghali. Sisiplatini imetumika tangu mwaka 1978, hataza yake ilikwisha zamani, na pamoja na kaboplatini, etoposidi na paklitakseli, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hatuombi maajabu.

Nimeambiwa wagonjwa wanachelewa kuja. Wengi wanachelewa, kweli, na kikohozi chao kilitibiwa kama kitu kingine kwa muda mrefu. Lakini ninaowatetea hapa ni wale ambao jopo lenu lenyewe liliona hawajachelewa.

Na liko jibu moja lililosemwa kwa sauti ya chini, ambalo limeniuma kuliko yote: kwamba hawa walivuta sigara. Wapo wenye saratani ya mapafu ambao hawajawahi kuigusa sigara, na wapo walioivuta tangu utotoni kabla hawajajua madhara yake. Asaidiwe kuiacha, naam, tena mapema, kwa sababu anayeendelea kuvuta wakati wa mionzi hupata madhara zaidi na matokeo hafifu. Lakini foleni isigeuzwe adhabu. Hakuna mgonjwa anayepaswa kungoja zaidi kwa sababu ya namna alivyougua.

Kaka yangu sasa ana saratani kwenye ini. Hakuna daktari awezaye kuniambia kwamba tiba ya pamoja ingezuia hilo, nami sidai hivyo. Nadai kwamba alikuwa na haki ya nafasi aliyoandikiwa, na hakupewa. Yanayofuata hayatamsaidia yeye. Nayaomba kwa ajili ya watakaoandikiwa na jopo wiki ijayo.

Ninaomba:

Kwanza, kila mgonjwa wa mapafu aliyeamuliwa tiba ya pamoja awe na mtu mmoja mwenye jina, muuguzi au daktari, anayeshika kalenda zote mbili na mwenye mamlaka ya kuita idara yoyote. Skani ya kupanga mionzi iombwe siku ileile jopo linapokaa, na kemo isianze bila tarehe ya mionzi kuandikwa. Kama kuna sababu ya kitabibu ya kuanza na kemo, iandikwe na isainiwe.

Pili, wagonjwa wa mapafu wanaotibiwa kwa lengo la kuponya wawekwe kundi la wasioruhusiwa kukatishwa, wakiwemo wa seli ndogo juu kabisa ya orodha. Mashine ikiharibika, mwanafizikia na daktari wakokotoe fidia siku hiyohiyo, na uwepo mkataba wa maandishi na kituo kingine cha kuwapokea.

Tatu, ianzishwe kliniki ya kila wiki ya kuangalia umezaji, uzito, damu na pumzi, yenye dawa za maumivu zinazolingana na maumivu. Iendelee kwa miezi 6 baada ya mionzi, na kila mgonjwa aondoke na karatasi ya muhtasari wa tiba yake.

Nne, mgonjwa apewe nakala ya uamuzi wa jopo kwa lugha anayoielewa, ikiwa na tarehe ya kwanza na ya mwisho ya mionzi.

Tano, hospitali itangaze kila robo mwaka, bila kutaja majina, ni wagonjwa wangapi waliandikiwa tiba ya pamoja, wangapi waliipata, na wangapi walimaliza mionzi ndani ya muda uliopangwa. Madaftari mnayo. Hesabu hii inaweza kufanywa na karani mmoja.

La kwanza, la nne na la tano hayahitaji bajeti mpya, na naomba yaanze mwezi huu. Kwa mengine, naomba jibu la maandishi lenye tarehe ndani ya siku 30. Lisielekezwe kwangu peke yangu, libandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kliniki zote mbili ili walio kwenye foleni walisome. Ndugu wa wagonjwa wengine tumekubaliana kuja kwa mazungumzo siku na saa mtakayopanga, na kila mmoja atakuja na tarehe za mgonjwa wake zilizoandikwa.

Nawasilisha kwa heshima,

Dada wa mgonjwa wa saratani ya mapafu
Nakala: Kamati ya bunge inayoshughulikia afya, vyombo vya habari.